Mfungo wa Matokeo

Jane na Finch, Toronto
8 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa Dative,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya kubadilika kwa hewa, ambayo huku yamemkamata kila mtu. Clinton, yule kijana wa Kisumu ninayeishi naye chumba kimoja, anakusalimu. Anasema akifika Bukoba utamkaangia senene mpaka asahau kwao. Mzee Kamrudin naye anakusalimu. Bado napanga magunia ya mchele na viungo kwenye ghala lake, na kila akipata nafasi ananiuliza kama soko la Bukoba bado liko palepale alipoliacha akiwa kijana.

Najua simu huisikii vizuri, na hata ungeisikia ungesema ni chombo cha kutangazia misiba tu. Ndiyo maana nakaa chini kuandika, kama ulivyonifundisha.

Shangazi, nimeamua kusoma tena. Nataka kuingia shule ya biashara, shahada ya uzamili. Huku hawatazami vyeti peke yake. Kuna mtihani wa kuingilia, unafanywa kwenye kompyuta: hesabu, kusoma na kung'amua, halafu kupambanua takwimu. Ukishafaulu, unapeleka maombi pamoja na insha ya kueleza wewe ni nani na unataka kuifanyia nini dunia. Mzee Kamrudin amekubali kuwa mmoja wa watakaonishuhudia; nikishatuma maombi, chuo kitamwandikia barua-pepe. Mtihani nitaufanya mwishoni mwa Novemba, na maombi yanafungwa Januari.

Nikitoka ghalani napitia maktaba, nasoma mpaka wanapozima taa. Hesabu zenyewe ni zile za sekondari, lakini wanazivalisha nguo usizitambue. Niombee. Wewe uliyenilea tangu baba yangu afariki ndiwe unayejua jinsi ninavyoyataka haya.

Mwanao,
Silvanus


Bukoba
3 Oktoba 2024

Mwanangu Silvanus,

Milele amina, na marahaba. Barua yako imefika, stempu imebandikwa upande kama kofia ya mlevi. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa dirishani posta, halafu mtoto niliyemlea mimi anabandika stempu hivyo! Nilimficha karani asiione.

Hapa tunaendelea vizuri. Migomba ya upande wa chini imepata mnyauko, nimeikata na kuichoma. Asumpta, binti wa jirani, amerudi kutoka chuo cha uuguzi na anakuja kunisaidia kuteka maji. Mwambie huyo Kamrudin soko lipo, limebadilika sura tu. Duka la baba yake nalikumbuka. Ndiko babu yako alikonunua kandili, nami nikiwa nimeshika pindo la koti lake.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha kitako. Shule ya biashara! Nimeisoma barua yako mbele ya jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna, wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wa watu wakatimka. Kila Jumamosi tutakuombea kwa jina. Na mimi mwenyewe nimeweka nia. Jumatano na Ijumaa sitakula mpaka jua lizame, hadi matokeo yako yatoke. Pia nimeacha kutafuna kahawa. Punje zote nimezitia kwenye kile kikopo cha bati cha maziwa, nikakifunika na kukiweka juu ya kabati. Unajua jinsi ninavyoipenda kahawa yangu, na mgeni akija nampa yeye mimi nikiangalia. Nitakifungua siku ya matokeo.

Usiniandikie kwamba nisifunge. Nilifunga hivyohivyo kwa kidato cha nne chako, na uliona mwenyewe. Vidonge walivyonipa zahanati ni vya uzee tu, wala havina ugomvi na mfungo.

Soma. Na ule vizuri, mimi nikikufungia haina maana na wewe ushinde njaa.

Shangazi yako,
Dative


Jane na Finch, Toronto
6 Desemba 2024

Shangazi Dative,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na mnyauko. Theluji ya kwanza imeanguka na Clinton ameanza kulala na soksi. Mzee Kamrudin nilimsomea kipande cha kandili, akaniomba nikirudie, halafu akaenda kusimama peke yake nyuma ya magunia.

Mtihani nimeufanya. Nikueleze ulivyokuwa, kwa kuwa najua utataka kuwaeleza wenzio. Ukifika wanakupiga picha, unaacha simu, saa na hata leso kwenye kijikabati, unabaki na ufunguo wake tu. Wanakupa kibao laini na kalamu ya wino wa kufutika, karatasi hakuna. Kila mtu anakaa kwenye kijumba chake na kompyuta yake, masikio yamezibwa. Saa inahesabu kurudi nyuma pembeni mwa kioo. Swali moja la hesabu lilihusu matangi mawili yanayojazwa maji, nikawa namwona Asumpta na ndoo zake. Nilikaa sana kwenye matangi hayo.

Kuhusu matokeo, tuendelee kuomba.

Nimekula siku hiyo, usiwe na wasiwasi. Wewe ndiye ninayekuwaza. Kila Jumatano na Ijumaa nikifungua chakula changu ghalani nakukumbuka, na chakula hakinipiti vizuri. Mungu ameshasikia, Shangazi. Unaweza kupumzika.

Isalimie jumuiya yote. Nimekutumia sweta ya kijani kwa mkono wa mama mmoja tunayesali naye Parkdale, anakuja nyumbani Krismasi.

Silvanus


Bukoba
2 Januari 2025

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Sweta imefika, mikono mirefu, nimeikunja na ninaivaa. Krismasi tulikula ndizi na samaki, na paroko alikuja mpaka hapa nyumbani kubariki nyumba. Alipoona kikopo juu ya kabati akauliza ni cha nini. Nikamweleza. Akacheka, akasema basi naye atakuombea ili mwenye nyumba asife kwa kiu ya kahawa.

Basi umefanya mtihani, sasa ni kungoja. Kungoja nakujua mimi. Unakumbuka matokeo ya kidato cha nne? Mitihani ilikwisha, mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, matokeo hayaonekani! Mimi ndiye niliyekuwa nayapokea magazeti pale posta, na kila gari likija nilikuwa wa kwanza kulikimbilia. Kwa hiyo usihuzunike wakichelewa. Na kuniambia nipumzike, hapana. Mtu akiacha njiani ni kama hakuanza. Nimeongeza na Jumatatu.

Ila nieleze, wanawake wa jumuiya wananiuliza kila Jumamosi. Huko kwa kawaida matokeo huchukua muda gani?

Mguu wangu wa kushoto umepata kidonda kidogo, nilijikwaa kwenye ngazi za kanisa. Ni kiatu kilinibana. Usinipe pole, si kitu.

Dative


Jane na Finch, Toronto
10 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta katikati ya baridi ambayo sijapata kuiona. Basi la Finch lilikwama, tukashuka kutembea, abiria wote kimya kama tunasindikiza maiti. Clinton amepata kazi ya pili. Mzee Kamrudin anaumwa mgongo lakini haachi kuja ghalani.

Pole na mguu, ingawa umenikataza. Tafuta kiatu kipana.

Kuhusu matokeo, huku wanasahihisha kwa makini sana kwa kuwa watahiniwa wanatoka dunia nzima. Huenda ikawa karibu na Pasaka. Waambie wanawake wa jumuiya wasichoke. Lakini mfungo, Shangazi, nakusihi, punguza. Rudisha angalau Jumatatu. Wewe umeshafunga ya kutosha kwa watahiniwa wote wa Kanada.

Juzi Mzee Kamrudin aliniita ofisini. "Silvanus," akasema, "mimi nangojea ile barua-pepe ya chuo, niandike habari zako. Kila asubuhi nafungua, naona matangazo tu. Mbona haiji?" Nikamjibu kwamba mambo ya vyuo ni ya polepole. Akaniangalia, kisha akanimiminia chai.

Nakuandikia haraka, zamu yangu inaanza.

Silvanus


Bukoba
20 Machi 2025

Mwanangu Silvanus,

Mkono huu ni wa Asumpta, maneno ni yangu. Miwani imenisumbua. Nimelala chumba cha mbele sasa, ni karibu na mlango na watu wakipita nawaona. Wanawake wa jumuiya wananiletea maua na umbea, vyote vizuri.

Barua yako ya Februari imefika. Nimeielewa.

Sasa ni Kwaresima, kila mtu anafunga, sionekani tena kama kichaa peke yangu. Mvua zimeanza. Migomba tuliyoichoma, pembeni yake yametoka machipukizi, tutaona kama ni mazima.

Wewe ulale vya kutosha. Sina maneno mengi leo.

Dative

Kaka Silvanus, hili naliongeza mimi, naye hajui. Nimemwambia naenda kutafuta gundi ya bahasha. Shangazi hakujikwaa kwa sababu ya kiatu. Ana kisukari, na siku ile ya Ijumaa alimeza vidonge vya sukari bila kula kitu, akaanguka pale ngazini. Kidonda hakiponi. Daktari wa mkoa amemkataza kabisa kufunga, naye anaitika, "Ndiyo daktari," halafu Jumatano sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Tumembembeleza, hata paroko amemwambia mgonjwa haruhusiwi. Anasema ni mpaka matokeo. Kaka, hayo matokeo yako wapi?
Asumpta


Jane na Finch, Toronto
11 Aprili 2025

Shangazi,

Sijui kama nina haki ya kukuamkia. Shikamoo.

Nilipofika kwenye maneno ya Asumpta nilimpigia simu palepale, nikamwambia akuambie matokeo yametoka na ule. Aliuliza, "Yametoka lini?" Nikamwambia awahishe chakula kwanza. Akakata simu. Baadaye alinitumia ujumbe kwamba umekula ndizi na maharage. Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu nikalia, na watu wakinipita na mifuko yao ya sokoni.

Mtihani ule matokeo yake hayangojewi, Shangazi. Ukibonyeza swali la mwisho yanakutokea kwenye kioo hapohapo, kabla hujainuka kwenye kiti. Niliyajua siku ileile ya Novemba. Nilifeli. Nilichukua simu yangu kwenye kijikabati, nikapanda basi, nikaenda nalo mpaka mwisho wa njia na kurudi nalo, na bado sikujua nitakuandikia nini. Maombi ya shule sikuyapeleka kokote. Ndiyo maana barua-pepe ya Mzee Kamrudin haikuja.

Sikupanga kukudanganya. Mwanzo niliandika tu "tuendelee kuomba", nikajiambia nitakueleza barua ijayo, na kabla ya barua hiyo nitakuwa nimeurudia mtihani na kufaulu, kisha tutacheka. Halafu ukanikumbusha kidato cha nne. Nikaona kwamba unaamini wanakaa na makaratasi miezi na miezi, na mimi nikakuacha uamini. Uliponiuliza waziwazi, nikakuandikia kuhusu Pasaka. Huo ulikuwa uongo mtupu, na niliuandika kwa mkono uliounyoosha wewe.

Clinton alijua. Nilipomweleza kwamba unafunga, akasema kwa maneno yao ya mtaani, ambako mathe ni mama na chapo ni chapati, "Buda, huyo ni mathe wako analala njaa juu yako, na wewe uko hapa unakula chapo. Mwambie." Nilimjibu kwamba nangojea wakati mzuri.

Nilikuwa nakula. Hilo ndilo linaloniuma. Jumatano na Ijumaa, nikihisi vibaya, lakini nilikuwa nakula, nawe ulikuwa unameza vidonge kwenye tumbo tupu kwa ajili ya kitu kilichokwisha zamani. Kwenye ngazi zile ni mimi niliyekuangusha.

Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba ule.

Silvanus


Bukoba
12 Mei 2025

Silvanus,

Marahaba. Mkono huu ni wangu, unaona unavyopanda na kushuka kwenye mistari ya juu, lakini ni wangu.

Nianze na habari za nyumbani, kama inavyotakiwa. Mvua nzuri. Machipukizi ya migomba ni mazima. Asumpta amechumbiwa na anajifanya hajafurahi. Wiki iliyopita katika hospitali ya mkoa waliondoa vidole viwili vya mguu wangu wa kushoto, kile kidogo na mwenzake. Nakueleza mimi mwenyewe ili usiyasikie kwa mtu. Natembea kwa fimbo na wanasema mguu utabaki. Usianze kulia tena kwenye ngazi za watu.

Sasa sikiliza. Nilijua tangu Februari, kabla barua yako ya Pasaka haijafika. Abigael, binti wa mwenyekiti wetu wa jumuiya, alifanya mtihani huohuo Dar es Salaam. Mama yake akasimulia mbele ya wote kwamba binti aliyaona matokeo kabla hajashuka kitini. Wanawake wakanigeukia. Niliinama nikajifanya natafuta rozari. Nilitaka ardhi inimeze, Silvanus, maana mimi ndiye niliyewapigisha vigelegele.

Halafu barua yako ikaja. Nilipoishika tu nikaona ni nyepesi, karatasi moja, kutoka kwa mtoto anayeandika kurasa nne kuhusu kibao na kalamu ya kufutika. Nikaisoma, nikaikunja. Ningeweza kukuandikia, "Najua." Ni neno moja tu. Sikuliandika. Nilikasirika na nilikuwa na kiburi, nikataka litoke kinywani mwako. Basi nikabadilisha nia. Tangu siku hiyo sikufunga tena ili ufaulu, nilifunga ili useme. Nilimwambia daktari ndiyo na sikula. Na hadithi ya kiatu niliitunga mimi. Kwa hiyo usijitwishe vidole vyote viwili. Kimoja ni changu.

Sasa nakula kila siku, asubuhi, mchana na jioni, na Asumpta anasimama mlangoni kama askari mpaka nimalize. Hilo limekwisha. Lakini kikopo bado kiko juu ya kabati. Nimeisoma barua yako ya Aprili mara nyingi. Umenieleza basi, ngazi, Clinton, chapati, na machozi. Umesema ulifeli. Hukusema ulipata ngapi.

Mimi ndiye niliyekupaka dawa ulipougua tetekuwanga mwili mzima. Ndiye niliyeosha shuka zako ulipokuwa bado unakojoa kitandani, na nikawaambia wageni ni mvua imevuja. Hivi leo utanifichia namba?

Ukiurudia mtihani au usiurudie, hilo ni lako, wala usiurudie kwa ajili yangu. Mimi nangojea namba tu.

Shangazi yako,
Dative


Jane na Finch, Toronto
9 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nilikwenda nayo ghalani, nikamsomea Mzee Kamrudin yote, na yangu ya Aprili nikamweleza kwa mdomo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nilijua hukutuma. Nilingoja useme." Nimezungukwa na watu wanaongoja, Shangazi, na mimi ndiye niliyewasimamisha. Kisha akaniuliza kuhusu vidole vyako, nikarudi kupanga magunia.

Umeniachia kimoja na kujitwika kimoja. Nakushukuru, lakini siwezi kuvigawa. Kila nikivaa viatu naviona vyote viwili. Nimeomba likizo ya Agosti, nitakuja, nitakukatia migomba na utanigombeza uso kwa uso.

Ningeweza kumpigia Asumpta akutamkie namba. Nimeona ni heri uione kwa mwandiko wangu, na safari hii stempu nimeinyoosha.

Shule nilizozitaka zilikuwa zinataka mia sita na ushee. Namba yangu sijamwambia Clinton wala mtu yeyote. Nilipata mia nne hamsini na tano.

Fungua kikopo.

Silvanus